Mwili Hauhisi Kasi: Mwongozo Kamili wa Kuelewa Kasi, Kasimwelekeo na Mchapuko

Panda daladala lililojaa, simama katikati, shika bomba. Dereva akiondoa gari, mwili unabaki nyuma. Gari likishashika mwendo na lami ikawa nzuri, unaweza hata kuachia mkono mmoja utafute nauli mfukoni. Kisha konda anagonga bodi, "shusha!", dereva anakanyaga breki, na abiria wote mnainama mbele kama mnarukuu.

Sasa jiulize: ni wakati gani gari lilikuwa linakwenda kasi kuliko wakati mwingine wowote? Ni pale katikati, uliposimama kwa raha zako ukihesabu chenji. Lilipokusumbua lilikuwa taratibu, ndiyo kwanza linaondoka au liko karibu kusimama.

Mwili hauhisi kasi. Unahisi kasi inapobadilika, na kubadilika huko ndiko kunakoitwa mchapuko. Nafundisha tuisheni ya fizikia jioni, na karibu kila mwanafunzi anayekuja kwangu anaijua v = u + at kama anavyojua jina lake. Nikimuuliza, "Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, mshale wa spidi hauchezi, barabara imenyooka, mchapuko wake ni kiasi gani?" ananijibu, "Mkubwa." Jibu ni sifuri. Fomula anayo, kitu chenyewe hana. Tuanze na kitu chenyewe, fomula zitakuja.

Maneno manne, na ugomvi wao

Mtaani neno moja linabeba kila kitu. Tunasema gari lina kasi, lina mwendo, lina spidi, na Dar es Salaam ukitamka "mwendokasi" watu wanafikiria basi, siyo fizikia. Darasani lazima tuyagawe.

Umbali ni urefu wa njia uliyopita, na kona zake zote. Badiliko la mahali ni jingine: ni mstari ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipo sasa, pamoja na upande ulioelekea. Kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Kasimwelekeo, ambayo wengine huiita velositi, ni badiliko la mahali kugawanya kwa muda. Kwa hiyo inabeba upande ndani yake. "Kilomita 60 kwa saa" ni kasi. "Kilomita 60 kwa saa kuelekea kaskazini" ni kasimwelekeo.

Chukua mfano wa David Rudisha. Tarehe 9 Agosti 2012, jijini London, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hizo ni mizunguko miwili ya uwanja. Gawanya 800 kwa sekunde 100.91, unapata kasi ya wastani ya mita 7.93 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 28 kwa saa. Hiyo ni kasi ya baiskeli iliyopata mpanda baiskeli mwenye hasira. Lakini mbio hizo huanzia na kumalizikia kwenye mstari uleule (tuache zile mita chache za kupanga njia mwanzoni). Badiliko la mahali ni kama sifuri, basi kasimwelekeo yake ya wastani nayo ni kama sifuri. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, kwa hiyo fizikia inasema Rudisha hakwenda popote?" Ndiyo, kwa maana hiyo hasa. Alitoka jasho, akavunja rekodi ya dunia, akarudi alipoanzia.

Ukiielewa hiyo, umeshaelewa kwa nini tunahitaji maneno mawili badala ya moja.

Hatua ya kwanza: chagua upande, badili vipimo

Kabla hujaandika namba yoyote, chora mshale mmoja kwenye karatasi, andika "chanya" kwenye ncha yake. Mashariki, juu, mbele ya gari, popote utakapo. Kila kinachoelekea huko kina alama ya kujumlisha, kinachoelekea kinyume kina alama ya kutoa. Usibadili katikati ya swali. Makosa mengi ninayosahihisha hayatokani na hesabu ngumu, yanatokana na mtu kuanza na juu kuwa chanya akamaliza na chini kuwa chanya.

Kisha vipimo. Barabara inatumia kilomita kwa saa, fizikia inatumia mita kwa sekunde. Saa ina sekunde 3,600, kilomita ina mita 1,000. Kwa hiyo gawanya kwa 3.6. Kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde, na hiyo ikariri kabisa maana itakuokoa mara nyingi. 72 ni 20. Basi la abiria likiwa kwenye ukomo wake wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22.2 kila sekunde: ukipepesa jicho, limeshapita nyumba mbili.

Hatua ya pili: tofautisha wastani na papo hapo

Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 huko Berlin mwaka 2009. Wastani wake ni mita 10.44 kwa sekunde. Je, alikwenda kwa kasi hiyohiyo muda wote? Hapana. Tazama muda aliotumia kwa kila mita 20:

- Mita 0 hadi 20: sekunde 2.89, wastani mita 6.92 kwa sekunde
- 20 hadi 40: sekunde 1.75, wastani 11.43
- 40 hadi 60: sekunde 1.67, wastani 11.98
- 60 hadi 80: sekunde 1.61, wastani 12.42
- 80 hadi 100: sekunde 1.66, wastani 12.05

Huo wastani wa 10.44 ni namba ya mbio nzima, na aliupita mara moja tu, kwa sekunde fupi sana, akiwa bado anapanda. Kadiri unavyokata njia vipande vidogo zaidi, ndivyo wastani wa kila kipande unavyoikaribia kasi ya papo hapo, ile inayoonyeshwa na mshale wa dashibodi.

Sasa angalia mstari wa mwisho. Kutoka 12.42 alishuka hadi 12.05. Katika mita 20 za mwisho, akiwa mbele ya binadamu wote, Bolt alikuwa anapunguza kasi. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wanapunguza zaidi, ndiyo maana machoni petu ilionekana kama anachomoka. Kasi yake ilikuwa kubwa, mchapuko wake ulikuwa hasi. Na pale mwanzoni, anaposukuma vyuma vya kuanzia, kasi ni ndogo na mchapuko ni mkubwa kuliko mahali pengine pote. Hivi vitu viwili havitembei pamoja.

Hatua ya tatu: mchapuko wenyewe

Mchapuko ni badiliko la kasimwelekeo kugawanya kwa muda uliotumika kubadilika:

a = (v − u) ÷ t

u ni kasimwelekeo ya mwanzo, v ni ya mwisho. Daladala likitoka kituoni (u = 0) na baada ya sekunde 8 likawa na mita 12 kwa sekunde, mchapuko ni 12 ÷ 8 = 1.5.

1.5 nini? Hapa ndipo watu hutamka "mita kwa sekunde mraba" bila kujua walichosema. Hakuna sekunde yenye pembe nne. Soma hivi: mita 1.5 kwa sekunde, *kwa kila sekunde*. Yaani kila sekunde inayopita, kasi inaongezeka kwa mita 1.5 kwa sekunde. Sekunde ya kwanza ikiisha ni 1.5, ya pili ikiisha 3, ya tatu 4.5, na kuendelea.

Bado hakijakaa? Fikiria kibubu cha mama ntilie. Pesa zilizomo ndani ni mahali ulipo. Kiasi anachotumbukiza kila siku ni kasimwelekeo. Akitumbukiza shilingi 1,000 kila siku bila kubadilisha, kibubu kinajaa lakini mchapuko ni sifuri. Akianza na 1,000, kesho 1,500, keshokutwa 2,000, basi kiasi cha kutumbukiza kinaongezeka kwa shilingi 500 kwa siku, kwa kila siku. Huo ndio mchapuko. Na siku biashara ikiwa mbaya akashuka kutoka 2,000 hadi 1,500, mchapuko ni hasi ingawa kibubu bado kinajaa. Wengi huishia kuelewa hapo, wengine mpaka wapande gari.

Hatua ya nne: alama ya kutoa haimaanishi breki

Swali la mtego linalopendwa na watunga mitihani. Gari linarudi rivasi na dereva anakanyaga mafuta zaidi. Mbele ni chanya. Kasimwelekeo inatoka −1 hadi −4 kwa sekunde 2. Mchapuko ni (−4 − (−1)) ÷ 2 = −1.5. Ni hasi, na gari linazidi kasi!

Kanuni ni fupi: kasimwelekeo na mchapuko vikiwa na alama moja, kasi inaongezeka. Vikipishana alama, inapungua. Alama peke yake haikuambii lolote ila upande.

Kona nazo ni mchapuko

Kwa kuwa kasimwelekeo imebeba upande, ukibadili upande umeibadili kasimwelekeo, hata mshale wa spidi ukitulia tuli. Gari lina vitu vitatu vya kuleta mchapuko: kanyagio la mafuta, kanyagio la breki, na usukani. Usukani wengi husahau.

Kwenye kona mchapuko unaelekea katikati ya duara, na ukubwa wake ni kasi mara kasi, kugawanya kwa nusukipenyo cha kona: v² ÷ r. Zunguka kipilefti chenye nusukipenyo cha mita 20 kwa kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde: 25 ÷ 20 = 1.25. Abiria hawasemi kitu. Izunguke kwa kilomita 36 kwa saa: 100 ÷ 20 = 5. Hapo wa dirishani anabanwa ukutani na kreti la soda linahama. Kasi imezidi mara mbili tu, mchapuko umezidi mara nne. Aliyeshuka mlima Kitonga kule Iringa na lori nyuma yake hahitaji kuelezwa zaidi.

Upande mwingine wa sarafu hiyo ni dunia yenyewe. Mtu aliyesimama Nanyuki, palipopita mstari wa Ikweta, anazungushwa na dunia kwa kilomita kama 1,670 kwa saa. Mbona chai yake haimwagiki? Kwa sababu duara ni kubwa mno. Mchapuko wa mzunguko huo ni 0.034 tu. Kasi ya kutisha, mchapuko wa kutafuta kwa tochi.

Fanya mwenyewe: gololi kwenye bomba

Jaribio hili ni la Galileo wa Italia, aliyelieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1638. Yeye hakuwa na saa ya sekunde. Alipima muda kwa maji yaliyotiririka kutoka chomboni, kisha akayapima maji hayo uzito. Wewe una simu.

Tafuta bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu mita 2 na kidogo, mwombe fundi alipasue katikati kwa urefu upate mfereji. Liweke juu ya ubao ulionyooka, maana bomba lililopinda kidogo tu litakuharibia kila kitu. Mimi mara ya kwanza nililiegemeza kwenye viti viwili, likanepa katikati, gololi ikawa inakimbia halafu inasita kama mbuzi aliyeona maji. Inua ncha moja kwa sentimita 4 kwa kila mita 2. Mwinuko mdogo ndiyo siri: mambo yanakwenda taratibu, jicho linayawahi.

Weka alama kuanzia pale gololi inapoachiwa: sentimita 12.5, sentimita 50, sentimita 112.5, na sentimita 200. Kwenye kila alama kata mpira mwembamba wa kufungia noti, uupitishe juu ya mfereji ulale kwenye sakafu yake, gololi ikipita isikike "ti". Achia gololi, usiisukume. Fumba macho usikilize.

Utasikia ti… ti… ti… ti, kwa mapigo yaliyolingana, karibu sekunde moja na theluthi kila pigo. Fungua macho uangalie alama: zinazidi kuachana. Nafasi ya kwanza sentimita 12.5, ya pili 37.5, ya tatu 62.5, ya nne 87.5. Gawanya zote kwa 12.5: ni 1, 3, 5, 7. Kila pigo gololi inaongeza kiasi kilekile cha ziada. Huo ndio mchapuko usiobadilika, umeusikia kwa masikio yako.

Sasa toa mipira, pima muda wa mita 2 nzima mara tano, chukua wastani. Utapata kama sekunde 5 na nusu. Tumia s = ½at² (s ni umbali, t ni muda), kwa kuwa ilianza ikiwa imetulia: a = 2 × 2 ÷ 5.5² = 4 ÷ 30.25, kama 0.13. Ukipata 0.11 au 0.15, usihuzunike, kidole chako kwenye simu kina uchelewaji wake.

Fomula zinatoka wapi: grafu ya safari ya vituo viwili

Chora grafu. Muda ulale chini, kasimwelekeo isimame wima. Daladala letu linatoka kituo A: sekunde 8 za kwanza linapanda kutoka 0 hadi 12, mstari unapanda. Sekunde 20 zinazofuata linabaki 12, mstari unalala. Sekunde 6 za mwisho linashuka hadi 0 kituo B.

Vitu viwili tu vya kusoma kwenye grafu hii. Mwinuko wa mstari ni mchapuko: 12 ÷ 8 = 1.5 mwanzoni, 0 katikati, −12 ÷ 6 = −2 mwishoni. Eneo lililo chini ya mstari ni umbali: pembetatu ya kwanza ½ × 8 × 12 = mita 48, mstatili 20 × 12 = mita 240, pembetatu ya mwisho ½ × 6 × 12 = mita 36. Jumla mita 324 kwa sekunde 34, wastani mita 9.5 kwa sekunde. Usije ukachukua 0 na 12 ukagawanya kwa mbili ukasema 6. Hiyo inafaa tu pale mstari unapopanda sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Fomula za shuleni ni picha hii iliyoandikwa kwa herufi. Mwinuko unakupa v = u + at. Eneo linakupa s = ut + ½at²: mstatili wa ut chini, pembetatu ya ½at² juu yake. Ukiondoa t kwa kuunganisha hizo mbili unapata v² = u² + 2as. Zote tatu zinadai mchapuko usiobadilika. Ukizitumia kwa mbio za Bolt utapata upuuzi, kwa sababu mchapuko wake unabadilika kila hatua.

Ipi uchague? Andika s, u, v, a, t kwa mstari mmoja, jaza unachokijua, weka alama ya kuuliza kwenye unachotafuta. Kinachobaki bila kujazwa ndicho kitakuchagulia. Swali halina muda? Tumia ile yenye v².

Breki: kilomita 10 zinavyoua

Hapa ndipo napenda kukaa muda mrefu kuliko kwingine kote, maana hesabu hii kila dereva angepaswa kuifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Magari mawili yako sambamba kwenye barabara ya mtaani, ukomo ni kilomita 50 kwa saa. La kwanza linakwenda 50, la pili 60. Mtoto anatokea mita 30 mbele, anafuata mpira. Madereva wote wawili wanamwona kwa pamoja, wote wanachukua sekunde 1 kutoka kuona hadi mguu kukandamiza breki, na wote wana tairi nzuri kwenye lami kavu zinazoleta mchapuko wa −6.

Gari la 50: u = 13.9. Katika sekunde ya kushtuka linakwenda mita 13.9 bila breki. Kisha 0 = 13.9² − 2 × 6 × s, s = mita 16.1. Jumla mita 30. Bampa linasimama likiwa karibu kumgusa mtoto.

Gari la 60: u = 16.7. Sekunde ya kushtuka inakula mita 16.7. Zimebaki mita 13.3 za kufunga breki. v² = 16.7² − 2 × 6 × 13.3 = 278 − 160 = 118. v = mita 10.9 kwa sekunde.

Badili: kilomita 39 kwa saa.

Soma tena. Tofauti ilikuwa kilomita 10. Pale ambapo la kwanza limesimama kabisa, la pili bado lina kilomita 39. Watu wanatarajia liwe na 10. Kosa ni kudhani kasi inashuka sawasawa kwa kila *mita*, wakati inashuka sawasawa kwa kila *sekunde*. Gari la kasi zaidi linapita zile mita haraka, kwa hiyo breki zinapata sekunde chache za kufanya kazi. Ongeza mvua, lami iteleze, −6 igeuke −3, uone mwenyewe kinachotokea hata kwa yule wa 50. (Jibu: anamgonga kwa takriban kilomita 35 kwa saa.)

Kudondoka, na embe lililosimama hewani

Kitu chochote kinachoanguka bila kuzuiwa sana na hewa kina mchapuko wa 9.8 kuelekea chini. Nazi kutoka mnazi wa mita 20: v² = 2 × 9.8 × 20 = 392, v ni karibu 20, yaani kilomita 71 kwa saa, na inachukua sekunde 2 tu. Uzito haubadilishi kitu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja mwezini, kusiko na hewa, vikagonga ardhi pamoja.

Sasa rusha embe wima kwa mita 9.8 kwa sekunde. Juu ni chanya, a = −9.8. Baada ya nusu sekunde lina +4.9. Baada ya sekunde 1 lina 0, liko mita 4.9 juu. Baada ya 1.5 lina −4.9. Baada ya 2 limerudi mkononi na −9.8.

Pale kileleni, mchapuko ni kiasi gani? Darasa zima litasema sifuri, "kwa sababu limesimama". Ni −9.8, kama ilivyokuwa lilipoachia tu mkono na kama itakavyokuwa likirudi. Kama mchapuko ungekuwa sifuri pale juu, kasimwelekeo isingebadilika. Na kwa kuwa kasimwelekeo hapo ni sifuri, embe lingebaki linaning'inia hewani mpaka leo.

Simu yako ina hisia kama zako

Ndani ya simu janja nyingi kuna kipima mchapuko, kipande kidogo mno kilichoshikiliwa na springi ndogo mno. Ndicho kinachogeuza skrini ukiilaza simu. Programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, inakuonyesha namba zake moja kwa moja.

Fungua kipimo cha mchapuko chenye g ndani yake (g ni ule mchapuko wa 9.8 wa kudondoka), iweke simu mezani. Itasoma kama 9.8 ingawa haiendi popote, kwa sababu inachopima ni jinsi meza inavyoisukuma juu, uleule msukumo unaousikia nyayoni. Iachie idondokee kwenye mto: kwa muda mfupi namba inashuka karibu na sifuri. Ingia nayo kwenye lifti. Ikianza kupanda, inazidi 9.8 kidogo, ikishika mwendo, inarudi 9.8, ikikaribia ghorofa yako, inapungua chini ya 9.8, na tumbo lako linakuambia hivyohivyo.

Kisha siku ukisafiri kwa treni ya umeme ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, iweke mezani mbele yako pale treni inaposhika kilomita 160 kwa saa kwenye reli iliyonyooka. Ukiacha mtikisiko mdogo wa behewa, itasoma 9.8, ileile iliyosoma stesheni kabla hamjaondoka. Simu haijui kama mnakwenda. Ukitaka spidi, itabidi iulize setilaiti, au wewe uchungulie dirishani uhesabu nguzo.